Historia ya Dada Bango

Wapendwa mliofika kumsindikiza dada yetu, mshonaji, wengi mlimjua kama Dada Bango, jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda hata kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi nyuma ya karakana kuanzia 1959, akaiacha mwaka 1965 mama alipofariki, ili amlee mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mwaka 1970 aliajiriwa kiwanda cha mashati, meza ya kukatia vitambaa, na tarehe 5 Mei 1973 akafunga ndoa na mchomeleaji, marehemu shemeji yetu, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Tarehe 2 Juni 1984 mashine isiyo na kinga ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, naye alipotoka hospitali akasimama getini na wenzake, akaunyanyua mkono ule ule, wakidai mashine zote ziwekewe kinga, na mpiga picha, rafiki yake tangu darasa la kwanza, akampiga picha. Picha ikawa bango, bango likavuka mipaka, vyama vya wafanyakazi wa nchi za mbali, watu wasiojua hata jina lake, wakalibeba kwenye maandamano na kulichapa kwenye fulana.

Lakini kwenye bango, mkono uliokatika vidole ulikuwa wa kulia. Mwanzoni dada alicheka, akisema watu wa ng'ambo wamempa mkono mpya bila kumpima, ila kicheko kilikauka tarehe 11 Februari 1986, katika kesi yake ya kudai zile kinga, wakili wa kiwanda alipolitandaza bango mbele ya hakimu, kando ya cheti cha daktari kilichosema mkono wa kushoto, akauliza mama huyu ana mikono mingapi mibovu, kesi ikatupwa, mashine zikabaki vile vile, na mwaka uliofuata binti wa meza ya jirani akapoteza mkono mzima.

Toka hapo dada hakumwamini mtu. Alisema mpiga picha amenunuliwa, na rafiki yake huyo alipomletea filamu aione, akajibu kwamba filamu inatazamika pande zote mbili, na aliposhauriwa amuulize mchapaji alikuja juu, kwamba mchapaji ni mdogo wake aliyemlea mwenyewe, asiguswe. Miaka thelathini na tatu hawakusalimiana, akaacha chama, na kwenye harusi za wanawe akakaa nyuma ya nguzo kukwepa kamera.

Aliugua figo kuanzia Januari 2019, akafariki tarehe 20 Septemba mwaka huo, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa kando ya kitanda na neno mdomoni, asilitoe.

Neno lenyewe ni hili: picha iligeuzwa, kushoto ikawa kulia, na mdogo wake, kwenye meza ya uchapaji, kwa sababu uso ulitazama nje ya karatasi, akaona bango litapendeza zaidi dada akiyatazama maneno yaliyoandikwa kando, vidole hakuvifikiria, na baada ya hukumu aliogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa meza ya kukatia, na mpiga picha aliyeketi safu ya tatu, ambaye anaombwa msamaha mbele ya wote, na si lazima autoe. Wageni mliotoka mbali mkiwa na bango lile, tafadhali likunjeni.

Pumzika kwa amani, Dada, uliyemshuku kila mtu isipokuwa aliyestahili.