Kipanga Haikusimama

Songeeni hapa kitandani, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Roselyne, mama, ninyanyulie mto kidogo. Hapo, ahsante. Ya mali nimeshayasema mbele ya mashahidi na sitayarudia: fleti hii ya mtaa wa Malaz igawiwe kama sheria inavyotaka, na dhahabu zangu nimeshampa Nusra mkononi. Na pasi ya kusafiria ya Roselyne, Jabir, mrudishie kesho, maana amenihudumia kama binti yangu na hafai kungoja ruhusa ya mtu ili akamwone mamake Busia. Hayo ni mepesi. Nililokuitieni ni habari ya baba yangu, Khelef bin Nassor, na manowari aliyoitumikia, kwa sababu wewe Jabir umeishika habari hiyo nusu, na kwa nusu hiyo umewarudisha mlangoni watu waliotoka Jidda kuja kumposa mwanao Nusra.

Basi isikilize yote. Meli ile ilijengwa mbio mbio wakati wa vita vya Wazungu na Wajapani, wala haikuwa manowari kubwa ya kupigana na manowari wenziwe, bali ndogo, nyembamba, ya kusindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi zinazozivizia kutoka chini. Jina lake la Kizungu lilikuwa la ndege, na mabaharia wa kwetu wakaiita Kipanga. Baba aliingia humo ndevu hazijamtoka sawasawa, akawekwa chini kwenye chumba cha injini, pahala ambapo jua hulioni na bahari unaijua kwa mtikisiko wa miguuni tu. Kilindini mpaka Aden, Aden mpaka Kolombo, kwenda na kurudi, Kipanga ikizunguka msafara wake huku na huku. Baba aliipenda meli ile, sikufichi. Alinisimulia injini zake kama mtu anavyomsimulia farasi wake.

Mwaka mmoja, nje ya Ghuba ya Aden, nyambizi ikaipiga meli ya mizigo katikati ya msafara, mchana kweupe, ikazama upesi. Watu wakabaki majini, na wengi wao walikuwa wa pwani yetu, wapakia makaa na wapishi, na ndani yao wapo ndugu wawili wa Malindi ya Unguja, Seif na Hamdu, wameng'ang'ania ubao mmoja. Wakaiona Kipanga inawajia. Wakainua mikono. Lakini amri ya manowari ya kusindikiza ni kumwinda adui kwanza, asije akazamisha na nyingine, na meli inayosimama ndiyo inayopigwa. Kipanga haikusimama. Iliwapita karibu hata wakaona nyuso za watu walioegemea reli, ikaenda zake kuiwinda nyambizi, na nyambizi yenyewe haikupatikana. Ikarudi siku ya pili. Seif alikuwa bado kwenye ubao, peke yake. Hamdu aliuachia alfajiri. Na meli iliyompita ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa majini, ikamlaza sitahani, ikamfunika blanketi.

Kipanga iliendelea na kazi yake, ikasindikiza askari wa kwetu waliokwenda Bama kupigana na Wajapani, ikarudisha waliobaki, na vita vilipokwisha ikafungwa gatini miaka, ikala kutu, halafu ikauzwa ikakatwa vyuma chakavu. 

Sisi tukahama Unguja baada ya yale ya sitini na nne, tukafika Jidda, mtaa wa Bani Malik, vyumba viwili juu ya duka la mkate. Siku moja kwenye baraza ya watu wa kwetu baba akitaja Kipanga, mtu mmoja aliyekaa karibu na mlango akamwuliza, "Ulikuwamo mwaka ule wa Aden?" Baba akasema alikuwamo. Yule mtu akaiweka kahawa yake chini, akavaa viatu, akatoka. Ndiye Seif.

Kila Idi baba alikwenda kwake. Macho yalikuwa yameshamharibika, nikawa namshika mkono mimi. Anabisha, anatoa salamu, hafunguliwi, tunarudi. Nikamwambia, "Baba, huyu mtu hakutaki." Akanijibu, "Ana haki ya kutonitaka. Mimi nina wajibu wa kuja." Hata Idi moja mlango ukafunguliwa na binti yake, Zuwena, akatukaribisha ndani. Wazee wakakaa, hawatazamani. Halafu Seif akauliza, "Mlitusikia?"

Ingekuwa rahisi, Jabir, kusema la. Ndani ya chumba cha injini husikii hata sauti yako mwenyewe. Baba akasema, "Sikusikia kitu. Lakini tuliambiwa meli imepigwa, na nikangoja injini zipunguzwe, hazikupunguzwa. Hapo nilijua tunawapita watu. Nililijua hilo mikono yangu ikiwa kazini, na sikuiondoa."

Seif akalia, mzee yule, mbele ya mwanawe na mbele yangu. Akasema, "Miaka yote hii watu wananambia hamkujua. Nilitaka mmoja tu aniambie mlijua." Akamshika baba mkono. Tangu siku ile mpaka walipokufa walikuwa wakienda msikitini pamoja, Seif akimwonesha njia.

Hayo nimekwambia tangu mdogo, ukasema ni maneno ya wazee. Ulichokishika wewe ni harusi ile ambapo mtoto wa Seif alikwambia babu yako aliwaacha Waislamu waliwe na samaki, ukampiga, ukavuliwa kilemba mbele za watu. Halas, yatosha, mwanangu. Wenye maumivu walisameheana, nyinyi mnagombania nini? Mazin, huyo uliyewarudisha watu wake, ni mjukuu wa Seif, anaswali, ana kazi yake, na Nusra anamtaka. Wewe Nusra usiinamishe kichwa, bibi yako hakuonei aibu.

Maji, Roselyne. Kidogo tu. Inatosha.

Nikifa nizikeni hapa hapa Riyadhi, msinibebe. Lakini wakati wa kunikosha sitaki mtu wa kuajiriwa. Nataka Zuwena, yule binti wa Seif, awe mbele, na Nusra amshikie maji. Jabir, mpigie. Sasa, nikiwa nasikia. Usianze na maradhi yangu, maana atakuja kwa huruma, na mimi sioshwi kwa huruma. Anza na posa. Sema, "Shikamoo shangazi, nilikosa, waleteni tena watu wenu." Akinyamaza usikate. Ngoja.

Radhi zangu unazo, Jabir, ulikuwa nazo hata nilipokukasirikia. Nusra, Mungu akupe nyumba yenye maneno ya kweli, na watoto... watoto watakaokwenda Idi kwa watu wa pande zote mbili. Roselyne, Mungu akufikishe kwa mama yako yungali hai. Nimechoka. Nishikeni mkono, yeyote.

Simu inalia? Ah. Ndiye yeye, sauti yake ile ile.

Muamkie, mwanangu. Anakungoja.