Kuku wa Kwapa

Benchi la Damalie liko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kabla ya geti la mpaka wa Kenya, mahali ambapo madereva wa malori hunywa kahawa ya tangawizi wakisubiri karatasi zao. Asubuhi hiyo Ofumbi, fundi viatu, hakuwa na hamu hata ya kahawa. Juzi rafiki yake Mzee Odeke, karani mstaafu, alipotea njia ya kwenda kwake mwenyewe, na binti yake Provia akaapa kwamba ikitokea tena atamhamishia kijijini Sop Sop akatunzwe huko. Mhudumu wa afya aliwaambia kusoma husaidia ubongo wa mzee usilale: asome kila siku, awasimulie wenzake, nao wamuulize maswali. Leo Provia alikuwa anakuja kuona kama dawa hiyo inaingia. Basi Odeke alikaa katikati ya benchi, miwani puani, ameshika gazeti la Damalie la kufungia mandazi.

— Sikilizeni, — Odeke akaanza. — Huko Kwapa, kuku amelalia mayai ya bata...

— Ngoja kwanza, mzee, — akamkatiza Nathan, anayeitwa Dokta kwa sababu aliwahi kulazwa hospitali miezi miwili. — Kusoma hii iko na kipimo yake. Ubongo ni musuli. Gazeti moja ni kama kubeba debe moja. Asome mbili-mbili.

— Zii, Dokta! — akasema Marvin, Nusu-Nusu wa kijiwe, maana analala Kenya na kula Uganda. — Ubongo ina pande mbili kama hii Busia yetu. Ukisoma Kiswahili tu, ile side ingine inafunga geti. Asome Ateso pia, buda, ndio kufunguke kote.

— Akili ni nywele, — Damalie akasema akimimina kahawa. — Muone huyo upara! Nywele ilikwisha zamani, nyinyi munatafuta akili wapi?

Wakacheka. Odeke naye akacheka, akajipapasa kichwa, akarudi mwanzo wa ukurasa.

— Nasema, huko Kwapa, kuku amelalia mayai ya bata. Vifaranga wametoka, wamekimbilia mtoni, na mama yao amebaki ukingoni analia...

— Lakini asiiname! — Ofumbi akaropoka. Hofu ilikuwa imemtangulia. — Maji yakimwagika hayazoleki. Akiinama vile, ile alisoma jana itamwagika yote!

— Hapo sasa umesema sayansi, — Dokta akakubali. — Asome amelala chali.

— Kichwa Kenya, miguu Uganda, — Nusu-Nusu akaongeza. — Damu ivuke bila pasi.

— Tena elimu haina mwisho, — Dokta akasema kwa fahari. — Ndiyo maana mimi niliachia mwanzo.

Wakiwa bado wanabishana kama mto uwekwe chini ya kichwa au chini ya miguu, bodaboda ikasimama na Provia akashuka.

— Hamjambo, wazee? Papa amesoma leo?

— Sana! — wakajibu kwa pamoja. — Tangu asubuhi!

— Asanteni. Amesoma nini?

Dokta akachungulia kikombe chake. Nusu-Nusu akawa anahesabu malori. Damalie akakumbuka mkaa. Ofumbi aliona aibu. Asubuhi nzima alikuwa bega kwa bega na rafiki yake wa miaka thelathini, akiogopa siku atakayosahauliwa naye, wala hakumsikiliza.

— Ilikuwa na kuku, — akajaribu.

— Kuku amefanya nini, mzee?

Ofumbi akamgeukia Odeke kama mwanafunzi asiye na kalamu.

Odeke akavua miwani, akakunja gazeti taratibu, akaliweka mfukoni.

— Provia mwanangu, — akasema, — nimewasomea mara mbili. Kama ni kupeleka watu Sop Sop, anza na hawa.