Meno Ndani ya Kamba

Mama Pacha: Haloo? Nani wewe?

Baba Pacha: Mimi.

Mama Pacha: Mimi nani? Namba ni ya mume wangu, sauti ni ya mtu mwenye uji mdomoni.

Baba Pacha: Ni mimi, Mama Pacha. Siwezi kupaza sauti. Nimejibanza nyuma ya ukuta.

Mama Pacha: Ukuta gani?

Baba Pacha: Wa magofu.

Mama Pacha: Leo? Wageni wa binti yetu wanafika saa kumi, wewe unalinda mawe?

Baba Pacha: Mwenyekiti wa walinzi wa kujitolea hakosi zamu. Halafu kuna kitu kimepatikana.

Mama Pacha: Dhahabu?

Baba Pacha: Meno.

Mama Pacha: Ya nani?

Baba Pacha: [mkwaruzo] Subiri, kuna mtu anapita.

Mama Pacha: Baba Pacha. Meno ya nani?

Baba Pacha: Ya juu.

Mama Pacha: Ee Mola. Yametokaje?

Baba Pacha: Nilikuwa na muwa kidogo. Ukang'ang'ania, nikavuta, yakaufuata. Nikayaweka juu ya jiwe, nikaenda kunawa. Kurudi—

Mama Pacha: Muwa? Kwa meno ya bandia? Na hiyo kanuni yako ya kutokula magofuni? Si wewe uliyemvua Kinyozi kitambulisho mbele za watu kwa ajili ya karanga?

Baba Pacha: Kanuni ni msumeno.

Mama Pacha: Basi umekukata ufizi. Yachukue uje.

Baba Pacha: Siwezi. Aliyeyaona ni yeye.

Mama Pacha: Kinyozi? Si ulimfukuza?

Baba Pacha: Kwenye kikundi tu. Ardhi ni ya umma, kila siku anakuja kunikodolea macho. Na leo amefuata mafunzo yote niliyompa mwenyewe. Hakugusa. Amepiga picha na rula pembeni, amechomeka kibendera, amezungushia kamba. Kisha akamwita Mtaalamu wa mambo ya kale, na—[mkwaruzo]—amefika kwa pikipiki.

Mama Pacha: Na huyo Mtaalamu hajui meno ya plastiki?

Baba Pacha: Amejua mara moja. Ndiyo balaa yenyewe. Anasema kuna mlinzi amekula hapa. Amewapanga walinzi mstari, kila mmoja anafungua kinywa. Kinyozi anamulika kwa tochi. Mimi nimeaga naenda haja ndogo.

Mama Pacha: Basi toroka, pitia nyuma— Hapana. Ngoja. Kinyozi ndiye baba wa kijana aliyemposa binti yetu.

Baba Pacha: Najua.

Mama Pacha: Saa kumi atakaa kwenye kochi letu, ana kwa ana na mdomo wako.

Baba Pacha: Nitanuna.

Mama Pacha: Ukinuna atasema unamkataa mwanawe. Tangu ile siku ya karanga hajatusalimia hata kwa kope. Mtoto anaamini wanakuja kuvunja posa. Yuko bafuni, amefungulia maji nisimsikie akilia.

Baba Pacha: Analia?

Mama Pacha: Analia.

Baba Pacha: [mkwaruzo] —kate.

Mama Pacha: Unasemaje?

Baba Pacha: Nasema usikate. Natoka. [mbali na simu] Mtaalamu, waache hao wafunge vinywa. Ni yangu. Ndiyo. Muwa.

Mama Pacha: Haloo? Wanacheka?

Baba Pacha: Wanagaagaa. Mtaalamu ameshika mti asianguke.

Mama Pacha: Na Kinyozi?

Baba Pacha: Hacheki. Hiyo ndiyo inanitisha. Nimevua kitambulisho changu, nimemvisha. Anakitazama tu.

Mama Pacha: Usimsemeshe sana. Chukua meno uje ukaoge.

Baba Pacha: Nimenyoosha mkono, amenizuia. Anasema kilichozungushiwa kamba hakiguswi mpaka Mtaalamu amalize picha zake, hata kama ni cha mkwe wake. Ona kiburi hicho, kitambulisho hakijapoa kifuani—

Mama Pacha: Amesema nini?

Baba Pacha: Kwamba hakiguswi—

Mama Pacha: Cha nani, Baba Pacha?

Baba Pacha: Cha mkwe... Cha mkwe wake.

Mama Pacha: Rudia, nimwite mtoto asikie kwa masikio yake. Wewe! Hebu njoo huku, njoo na taulo hivyo hivyo—

Baba Pacha: Mama Pacha, salio lina—