Mama Josefina na Watoto wa Bondeni

Tarehe 30 Juni 1998, Mama Josefina Clemens anaondoka kwenye dawati la kuandikisha vizazi na vifo katika ofisi yetu hapa mjini baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Anaondoka amechoka, na ametukataza sisi wenzake wa ofisi kuandika vinginevyo.

Alizaliwa Kasense, kwenye familia ya wakulima wa ulezi. Alipoajiriwa, chumba chetu kilikuwa na makarani kadhaa na utani mwingi. Wafanyakazi walipopunguzwa, akabaki peke yake na kazi ya wote. Baadhi ya akina baba wapya walimkuta anasinzia; alifumbua jicho moja na kusema, "Hongera, baba. Jina?" Waliotaja jina kwa haraka wanagombana na wake zao hadi leo.

Mwaka 1994 surua iliingia bonde la Rukwa. Kija, mama wa familia ya wafugaji wa Kaoze, alipanda lori la mahindi hadi mjini kuandikisha kifo cha mwanawe, Yonas. Mtoto huyo hakuwa ameandikishwa hata kuzaliwa. Josefina alimpa kiti, akaandika kwanza kuzaliwa, kisha kufa.

"Kwa hiyo sasa inajulikana kwamba alikuwepo?" Kija aliuliza.

"Inajulikana, mama."

 Kesho yake Josefina aliingia kwa mkuu wake.

"Shikamoo, mzee. Nimechoka kuandika vifo vya watoto ambao kuzaliwa kwao hatukukuandika. Naomba niende Kaoze, kwenye mnada wa mifugo, nikawaandike wakiwa hai."

Alijibiwa kwamba gari halina mafuta. Akadandia lori.

Mnadani wafugaji walimkwepa, wakidhani anawahesabu kwa ajili ya kodi. Alikaa juani kwenye meza ya kuazima hadi alasiri, bila kuandika hata jina moja. Ndipo Kija akaja na mtoto wake mdogo mgongoni, akawageukia wenzake.

"Huyu mama ndiye aliyemwandika Yonas wangu. Huyu mdogo nataka aandikwe akiwa mzima."

Nyuma yake foleni ikaanza.

Tangu hapo alishuka bondeni kila mwezi, masika na kiangazi. Wauguzi wa chanjo walitumia majina yale kuwatafuta watoto hadi kwenye maboma ya mbali. Vizazi vilivyoandikwa viliongezeka mno, hata wakubwa wakauliza watu wa Kaoze wamepatwa na nini. Josefina alicheka, kisha akalalamikia magoti yake. Alipopongezwa alijibu kwamba vifo navyo bado ni vingi.

Nafasi yake haijapata mtu. Mnada ujao watu watauliza alipo.

Mama Josefina, asante kwa kila jina. Sasa lala hadi jua likuamshe lenyewe. Tunakutakia siku ndefu, magoti yenye nafuu, na wajukuu wengi wazima.