Kitabu cha Bure kwa Bateria

Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nyuma ya soko, kuna benchi limeegemezwa kwenye banda la Sualehe, anayechaji simu za watu kwa sola na kuwajazia kadi zao nyimbo na filamu. Kwa kazi hiyo wanamwita Bateria. Kando yake Ricardo anauza kahawa ya tangawizi. Kwa mkaa wake usiozimika, jina lake Brasa, yaani kaa la moto. Mwenzao Atumane wanamwita Advogado, yaani wakili, ingawa mahakamani hajaingia hata kuwa shahidi. Tangu mwezi uliopita, simu ya Bateria ina kitabu, *Mkwe wa Vamizi*, hadithi ya kisiwa cha Vamizi, na kila alasiri anawasomea wenzake sura moja. Anayekuja kuchaji simu anatiliwa kitabu pia humo humo, bure, kama nyongeza. Siku hiyo mwishoni mwa benchi alikaa Wahida, eti anasubiri simu yake. Hawakujua kwamba kitabu ni chake. Jaladani aliandika *W. Aiuba* tu, kwa haya. Njiani alikuwa ameshakata shauri: akiona hapa hakuna ambaye angekilipia, cha pili anachokiandika anakiacha, anakwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo, kwenye kazi ya ofisini aliyotafutiwa na mjomba.

— Hapa pana maneno ya bahari na matumbawe, ukurasa mzima, alisema Bateria. Tunaruka.

Ukurasa huo Wahida aliuandika mara sita.

— Ruka, alisema Advogado. Sisi tunataka jikoni. Mama mkwe kashafunga stoo?

— Kafunga. Ufunguo kautia kifuani.

— Mwanamke yule hana haya, alisema Brasa kwa uchungu, na kahawa ikamwagika.

Wahida aliona raha, kisha akajikasirikia kwa kuona raha.

— Huyu Aiuba ni mzee, alisema Advogado. Kijana hawezi kumjua mama mkwe namna hii. Mtu wa Mtwara huyu, kashaacha wake watatu.

— Si mwanamume, alisema Brasa. Ni mama mkwe mwenyewe. Anatubu.

— Nyote mmekosa, alisema Bateria. Hakuna mtu hapo. Ni kampuni. Wanataka kujua tunapika nini na tunagombana vipi, waje watuuzie masufuria.

— Lakini huyo mtu, awe nani, alisema Wahida, anapata nini mkisoma bure?

Advogado alimgeukia kwa huruma.

— Binti, hayo mambo ya internet. Kila simu ikifungua ile PDF, huko juu inahesabiwa, serikali inamlipa. Sisi kusoma ndiyo tunamlisha.

— Serikali ya wapi?

— Ya internet.

— Ndiyo maana namgawia kila mtu, alisema Bateria. Mpaka Pundanhar nimemfikisha. Yule kwa ajili yangu sasa hivi kajenga.

— Ana ghorofa Lisboa, alikubali Brasa. Na hata sukari hajatuletea.

Wahida, anayelala chumba kimoja na wadogo zake, aliangalia vidole vya miguu yake.

Ndipo akafika mwanamke mmoja mwenye vumbi la safari. Alisalimia, akasema anaitwa Célia, mwalimu, ametoka Mbau.

— Nimeambiwa *Mkwe wa Vamizi* iko hapa.

— Iko. Lete simu, alisema Bateria. Bure.

— Ya bure ninayo. Mdogo wangu anaolewa, anakwenda kukaa kwa mama mkwe. Nataka kumpa kitabu hiki kama tunza. Sasa tunza ya arusi nitoe kitu nilichookota? Nataka kununua. Kinauzwa wapi?

Bateria alimtazama Advogado. Advogado alimtazama Brasa. Brasa akafunua birika, akalifunika.



Jibu Wahida alikuwa nalo, na ndilo lililomtia baridi. Kinauzwa kwenye tovuti inayotaka kadi ya benki ya dola. Yeye mwenyewe kadi hiyo hana. Alihangaika na kila nukta na kila mkato, akawalaumu wasomaji kutwa, na hata siku moja hakuwaza mtu wa Palma atakilipia wapi.

— Jamani, si swali gumu, alisema Célia.

— Kinauzwa kwangu, alisema Wahida. Mimi ndiye niliyekiandika. Nitakichapa pale kwenye duka la fotocópia, nikitie jalada zuri.

Brasa akaliweka birika chini.

— Wewe? Na huna hata mume?

— Nina shangazi mwenye mama mkwe, alisema Wahida.

Célia alicheka, akafungua fundo la pesa kwenye ncha ya capulana, kanga aliyojifunga.

— Sema bei. Ya undugu sitaki.

Wahida akaitaja, mbele ya watu waliokisoma bure, akapokea. Bateria alivua kofia.

— Mie nilidhani nakusaidia, alisema.

— Umenisaidia, kaka. Watu wamenijua. Ila cha pili uza, usigawe. Chukua chako, unipe changu.

— Kuna cha pili? aliuliza Célia.

Wote walimgeukia Wahida.

— Kipo, alisema. Sijakimaliza.

— Basi umekaa hapa unafanya nini? aliuliza Advogado. Nenda kamalize, mwanangu.