Kagwe Aliyeitisha Viatu

Marehemu Joseph Kagwe alizaliwa Matisi, Kitale, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa Mama Wamboi. Kukaa chini hakujua. Mamake anasema hata kutembea hakungoja, alianza na kukimbia.

Alisoma huko Matisi mpaka darasa la nane. Sekondari alitoka kidato cha pili, juu alifungua redio ya mwalimu mkuu bila kuulizwa. Ilikuwa imekufa. Aliirudisha ikiongea, na bado wakamfukuza.

Mwaka wa 1998 alienda Bungoma kujifunza ufundi. Kazi yake ikawa kuunganisha mizani na kompyuta, kupitia ile kadi ndogo ndani ya boksi inapokea kilo. Kila mizani iko na lugha yake. Kadi za zamani ulifungua boksi ukahamisha vipini, vile vichuma vidogo vya kuchagua lugha, lakini hizi mpya unachagua lugha kwa kompyuta tu. Yeye mwenyewe alimaliza siku mbili Chwele akitafuta vipini kwa kadi haina hata kimoja, mpaka msichana wa kuuza mahindi akamuuliza, "Fundi, si tukuitie fundi?" Huyo ndiye Nasambu. Walioana tarehe 10 Disemba 2005. Na kila boksi aliyofunga tangu hapo aliandika na makapeni: USIFUNGUE. ULIZA KOMPYUTA.

Februari 2025 alipatikana na saratani ya koo. Alilazwa Kitale, na manesi walimrudisha kutoka kwa geti mara mbili akitoroka aende kazini.

Jumanne, tarehe 10 Juni, kituo kimoja cha maziwa upande wa Kachibora, Kagwe ndiye aliwaunganishia mizani, kilibadilisha kompyuta, mizani ikanyamaza. Watu wakasema karani, Jelimo, ameizima ndio aandike kilo zake. Akaambiwa ikifika saa sita bado, aende nyumbani. Mmoja alikuwa ashaanza kufungua boksi na bisibisi. Jelimo akapigia Nasambu simu akilia, Nasambu akaiweka kwa mdomo wa Kagwe. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Wacha boksi. Kompyuta mpya imerudisha lugha ya kwanza. Chagua ya mizani yenu, 485."

Mkebe ukawekwa kwa mizani, kilo zikatokea mbele ya wote. Nyinyi mlimwita Jelimo mwizi mko hapa, na mnajijua.

Kusikia imesoma, Kagwe aliitisha viatu. Ati aende ahakikishe. Nasambu akamwambia kesho.

Kesho yake, Jumatano, saa tatu asubuhi, alituacha.

Ameacha mama yake Wamboi, mke wake Nasambu, watoto wao Wangui na Kim, na dada yake Beth.

Viatu tumemvalisha. Jelimo amepitia kazini leo asubuhi kabla ya kuja hapa, na bado inasoma. Sasa tulia, Kagwe. Pumzika.