Dude Limepata Ubongo Mpya

Benchi la kijiwe hiki si benchi. Ni kabati la chuma lililolazwa ubavu nje ya karakana, na hadi wiki jana ndilo lililokuwa ubongo wa mashine ya kuchonga vyuma. Mwenye karakana, Robo Milimita, aitwaye hivyo kwa kuwa hasamehe kosa linalozidi hapo, aliling'oa mwenyewe, akafunga kompyuta ndogo yenye programu ya bure, ile ambayo kila mtu duniani ana ruhusa ya kuifungua na kuichokonoa. Leo asubuhi meza ya mashine ikatembea yenyewe, ikavunja kisu. Robo akatoka nje, akaketi kijiweni, eti kiu ya kahawa. Kikombe kikawa kinagongana na meno yake.

— Mkono unacheza ngoma gani huo? akauliza Waya, fundi redio asiyeona redio siku hizi.

— Kahawa kali.

— Kali, au shemeji yako yumo ndani anafunga kisu kipya na dude linawaka?

— Nikilizima linasahau vipimo vyote. Tutaanza upya.

— Mimi nasema kabati hili lina kinyongo. Miaka thelathini limefanya kazi, leo tunalikalia!

— Kinyongo wapi! akadakia Baharia, aliyezunguka dunia nzima bila kutoka jikoni mwa meli. Programu hiyo imeandikwa na watu elfu wasiojuana. Mmoja alinuniwa na mkewe siku ile, hasira akaziacha humo humo.

— Ilitembea polepole, akasema Robo. Kama inanusa.

— Umeona? Simba mwenda pole ndiye mla nyama!

— Waya, nyama iliyomo mle ni kaka wa mke wangu.

— Linajifunza, Baharia akanong'ona. Leo meza. Kesho litajua mlango uko wapi.

Waya akapandisha miguu juu ya kabati.

— Kitufe chekundu si kipo? Robo akasema, kwa mara ya nne. Likileta ukorofi, shemeji anabonyeza, kimya. Jana nimekisugua mpaka kinang'aa.

Hapo akatokea mama mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka, kabeba gia iliyovunjika ndani ya kitambaa.

— Karibu, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Waya akamsogezea kikombe.

Mama hakukipokea. Alikuwa akitazama tumbo la kabati lililo wazi.

— Nimesikia mnasema kitufe. Mimi changu naufuata waya wake kwa kidole kila asubuhi. Chenu waya wake unaishia wapi?

Waya akamtazama Baharia. Baharia akaitazama kahawa. Robo akainama, akachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe. Tumboni mwa kabati zilining'inia nyaya mbili nyekundu za kitufe, ncha zinang'aa, pale pale alipozikata kwa koleo lake.

Kikombe kikamponyoka. Tayari alikuwa anaikimbilia swichi kuu ya ukutani.

— Shemeji! Toa mkono!

— Una nini wewe? sauti ikajibu kutoka ndani, imetulia tuli. Si kitufe kipo?